Mwiko si Adhabu



Wapendwa wanaparokia, juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi jambo ambalo limekuwa likisemwa chini chini katika jumuiya zetu, na ambalo tunaona sasa lisemwe hadharani. Kamati ya ujenzi wa kanisa la kigango imeleta makisio yake. Ni makisio mazuri, yamepangwa kwa uangalifu, nasi tunawashukuru wanakamati kwa kazi hiyo. Lakini pendekezo letu kwamba vijana 12 walioacha shule wapokewe katika ujenzi huo kama wanagenzi, siyo kama vibarua, limefutwa. Sababu iliyotolewa ni fupi: Kanisa si chuo cha ufundi, na walioshindwa darasani hawataweza jengo la Mungu.

Maneno hayo tunayakataa. Hatuyakatai kwa hasira dhidi ya mtu yeyote, maana aliyeyatamka ametamka tu yale ambayo wengi wetu tunayaamini kimya kimya. Tunayakataa kwa sababu ni ya uongo, na kwa sababu yanawagharimu watoto wetu maisha yao.

Tujiulize kwanza: dharau hii kwa kazi ya mikono tumeitoa wapi? Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alionya juu ya elimu inayomfundisha mtoto kuidharau kazi ya wazazi wake. Shule zikapewa mashamba na karakana. Lakini tazameni kilichotokea baadaye katika shule nyingi. Aliyechelewa namba alifyeka nyasi. Mtoro alichimba shimo la taka. Mpiga kelele alibeba maji hadi nyumbani kwa mwalimu. Mtoto akajifunza, bila kuambiwa kwa maneno, kwamba kitabu ni cha mwema na jembe ni la mkosaji. Nasi wazazi tukalimalizia somo hilo nyumbani: "Ukifeli, nitakupeleka ufundi!" Kijana aliyelelewa hivyo akishika mwiko, anaushika kama mfungwa anavyoshika sururu. Je, tunashangaa akiutupa na kurudi kijiweni?

Maandiko Matakatifu hayasemi hivyo. Katika kitabu cha Kutoka, yule Bezaleli aliyechaguliwa kuijenga Hema ya kukutania anasemwa kuwa amejazwa Roho wa Mungu, na matunda ya kujazwa huko yalikuwa ujuzi wa kuchonga mbao, kukata mawe na kufua madini. Yoshua bin Sira, ambaye hakika alimheshimu mwandishi kuliko fundi, hata hivyo anakiri kwamba bila mafundi hakuna mji unaokalika, na kwamba sala yao imo katika kazi yao. Na lile neno la Kigiriki ambalo Injili inalitumia kwa Bwana wetu na kwa Yosefu, ambalo tumezoea kulisoma "seremala", lina maana pana zaidi: ni fundi, mtu wa kujenga. Basi tunapoona haya kumwita mtoto wetu fundi, tunamwonea haya nani?

Sasa tuwatazame vijana wenyewe. Ni akina nani hawa tunaowaita walioshindwa? Tangu Januari 2016 ada imefutwa hadi kidato cha nne, nasi tulifurahi. Hata hivyo watoto wanaendelea kuondoka shuleni. Mmoja anatembea saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, tumbo tupu. Mwingine anaogopa fimbo. Mwingine alipata mimba, na ingawa waraka wa Novemba 2021 umemfungulia mlango wa kurudi darasani, hakuna aliyebaki nyumbani kumlelea mtoto. Na wengi mno wamesoma miaka saba kwa Kiswahili, wakaingia kidato cha kwanza na kukuta masomo yote yamegeuka Kiingereza. Mtoto aliyekuwa akinyoosha mkono darasani akawa bubu. Akili yake haikufa siku ile, alinyimwa lugha. Baada ya miaka miwili ya kukaa kimya nyuma ya darasa, akaona heri kuosha pikipiki au kukaa kubeti mpira wa Ulaya.

Mpelekeni kijana huyo kwenye msingi wa nyumba. Fundi anapotafuta kona huchukua uzi, hupima futi 3 upande mmoja na futi 4 upande wa pili, kisha huvuta mshazari. Ukitoka futi 5 kamili, kona iko sawa. Ukizidi au ukipungua, nyumba nzima itapinda. Hiyo ndiyo kanuni ya Pythagoras iliyomtoa jasho ubaoni, na hapa anaielewa asubuhi moja, kwa Kiswahili, kwa sababu anaiona. Mwulizeni ukuta wa mita 12 kwa mita 3 utakula matofali mangapi ya inchi 6. Akishajua kwamba mita moja ya mraba inachukua takriban 10, atawaambia 360, tena ataongeza machache ya kuvunjika. Atajifunza kwa nini zege la nguzo huchanganywa kwa vipimo, mathalani 1 kwa 2 kwa 4, na si kwa kukisia. Kwa nini linanyweshwa maji kwa siku 7 angalau. Na kwa nini nguvu yake hupimwa siku ya 28. Atajifunza subira, maana zege halihimizwi. Atajifunza ukweli, maana timazi haimpendelei mtoto wa mwenyekiti.

Wala tusidhani kwamba ujinga katika ujenzi ni jambo dogo. Ijumaa Kuu ya mwaka 2013 jengo la ghorofa liliporomoka katikati ya Dar es Salaam na kuua watu zaidi ya 30. Tarehe 16 Novemba 2024 tuliomboleza tena, safari hii Kariakoo. Hatusemi kwamba makosa yalikuwa ya wabeba zege. Tunasema tu kwamba taifa linalojenga kwa kasi hii haliwezi kuuacha ujuzi wa ujenzi ujiokotee warithi wake barabarani.

Mtatuambia: mbona vijana wetu tayari wako kwenye majengo? Ndiyo, wako. Ni saidia fundi. Anabeba maji, anasukuma toroli, anapandisha karai, jioni anapewa ujira wa siku. Mwaka wa kwanza ni saidia fundi, na mwaka wa tatu bado ni saidia fundi. Mwiko haujui. Ramani hajapata kuionyeshwa. Akianguka kwenye mirunda, anarudishwa kwa mama yake na nauli ya bodaboda. Huko si kufundishwa ufundi. Ni kutumika mgongo wa mtu hadi uchakae.

Tusimlaumu fundi peke yake. Fundi wetu hulipwa kwa kazi, siyo kwa siku. Saa anayotumia kumwelekeza kijana kupanga kozi moja ya tofali ni saa anayoipoteza mfukoni, na tofali litakalobomolewa ili lipangwe upya ni hasara yake. Tena anajua kwamba kijana akishajua, kesho atakuwa mshindani wake. Kwa hiyo anauficha ujuzi, nasi tungekuwa yeye tungeuficha. Kufundisha kuna gharama, na lazima mtu ailipe. Kama fundi hawezi, na kijana hana, basi anayebaki ni mwenye jengo. Na mwenye jengo hili, wapendwa, ni sisi.

Kanisa halianzi jambo hili leo. Tarehe 8 Desemba 1841, huko Torino, kijana wa miaka 16 aliingia sakristia ya kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Sakristani akamfukuza kwa kipigo kwa sababu hakujua kutumikia Misa. Padre Yohane Bosko akaagiza arudishwe. Aliitwa Bartolomeo Garelli: yatima, hajui kusoma wala kuandika, kazi yake kusaidia waashi. Padre alipomwuliza kama anajua kupiga mluzi, kijana akatabasamu. Hapo ndipo urafiki ulipoanzia. Lakini Don Bosco hakuishia kwenye tabasamu. Aliwafuata vijana kwenye majengo waliyofanyia kazi, akawaandikia mikataba na mabwana wao. Mkataba mmoja wa Februari 1852, wa kijana aliyekuwa akijifunza useremala, unajulikana hadi leo. Bwana aliahidi kumfundisha kazi, kumrekebisha kwa maneno wala si kwa kipigo, kutomtumia katika kazi zisizo za ufundi wake, kumwacha huru siku za sikukuu, na kumlipa ujira unaopanda kadiri anavyoendelea. Yapata miaka 175 imepita, na saidia fundi wetu hana hata kimoja kati ya hivyo. Hapa kwetu, karakana za mabruda Wabenediktini huko Peramiho na Ndanda zililea mafundi ambao kazi zao bado zimesimama. Anayesema Kanisa si chuo cha ufundi, na aende akazitazame.

Ipo hoja moja tunayoiheshimu. Mzazi mmoja alituuliza: "Baba Paroko, mtoto wa tajiri akifeli hutafutiwa shule nyingine, mbona wa kwangu anatafutiwa koleo?" Ni swali la haki. Kama ufundi ni shimo la kuwatupia watoto wa maskini ili viti vya darasani vibaki kwa wengine, nasi hatuutaki. Ndiyo sababu hatutaki pia yale mafunzo ya majuma machache yanayoishia kwenye cheti, fulana na picha ya pamoja. Ufundi unaostahili jina hilo humwachia mtu mlango wazi. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya chuo: fundi wa mtaani anapimwa, na akifaulu anatambuliwa. Na Sera ya Elimu katika toleo lake la 2023 imeweka mkondo wa amali ndani ya sekondari yenyewe. Serikali imekiri kwamba mkono na kichwa ni vya mtu mmoja. Itakuwa aibu parokia ikichelewa kukiri.

Kwa hiyo tunairudishia kamati pendekezo letu, likiwa na masharti haya:

1. Vijana 12 wapokewe, wavulana 8 na wasichana 4. Sheria inakataza kumtumia aliye chini ya miaka 18 katika kazi za hatari; hawa wote wametimiza umri huo.

2. Kila mmoja awe na mkataba wa maandishi, unaosainiwa na yeye, na fundi na parokia. Ujira usiwe chini ya ule wa saidia fundi, na upande kila baada ya miezi sita.

3. Kila fundi afundishe vijana wasiozidi watatu, na alipwe kwa kufundisha, mbali na malipo ya kazi yake.

4. Kila alasiri iwe na saa moja ya hesabu, kusoma ramani na kuandika, kwa Kiswahili.

5. Kofia ngumu na viatu vinunuliwe kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji.

6. Kanisa likikamilika, parokia igharimie upimaji wa VETA, na kila kijana aondoke na mwiko, timazi na pima maji yake mwenyewe.

Tumeambiwa kwamba masharti haya yataongeza gharama na kwamba mnara hautakamilika kwa wakati. Huenda ni kweli. Tunasema wazi mbele yenu: mnara usubiri. Kengele inaweza kutundikwa kwenye mwembe, kama zilivyotundikwa kengele za vigango vingi kabla yetu, na Mungu akasikia. Lakini kijana wa miaka 19 hawezi kutundikwa kwenye mwembe akisubiri bajeti nzuri zaidi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumeuacha ufa, na sasa tunawafukuza hata wale ambao wangeujenga huo ukuta.

Wengine wanahofu kwamba wataiba nondo. Pengine mmoja atajaribu. Lakini nondo za parokia zimekwisha kupotea kabla ya vijana hawa kupendekezwa, na hatukusikia mtu akitaka waliosoma wazuiwe kukaribia stoo.

Halmashauri ya walei itakutana Jumapili ijayo baada ya Misa ya pili. Tunawaomba WAWATA, UWAKA na VIWAWA walete wawakilishi wao, na kila jumuiya ilete mtu mmoja aliye tayari kusema kwa sauti kile anachokisema chini chini. Atakayepinga apinge, tutamsikiliza. Ila aje akiwa ameshakutana na hao 12 na kujua majina yao.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.

Ni sisi katika Kristo,
Paroko wenu