Tusimhukumu Tusiyemsoma

Mimbarini, na hata katika insha za wanafunzi wa theolojia, Ludwig Feuerbach hutajwa kwa sentensi moja tu: alidai kwamba mwanadamu ndiye aliyemuumba Mungu. Kisha huletwa Zaburi ya 14 kumwita mpumbavu, na kesi imekwisha. Sisi tunasema kesi haijaanza.

Katekisimo Ndogo, katika maelezo ya amri ya nane, inatutaka tumtetee jirani na kuyaelewa mambo yake kwa wema. Je, marehemu aliyeandika kitabu si jirani? Basi tumsome, ukurasa kwa ukurasa.

Kitabu chake cha mwaka 1841 juu ya asili ya Ukristo kina sehemu mbili. Katika ya kwanza, Feuerbach, ambaye masomo yake ya chuo yalianzia kwenye theolojia, anatafuta ukweli ulio ndani ya dini. Anadai kwamba upendo, hekima na haki ni sifa za ubinadamu wetu, ambazo tumezitoa kwetu tukampa Mungu. Lakini anaongeza kwamba mkana Mungu hasa ni yule asiyeona lolote la kimungu katika sifa hizo. Kwa kipimo hicho, mhubiri asiye na upendo atajificha wapi?

Tena mwaka 1844 alitoa kitabu kuhusu imani kwa mujibu wa Luther. Ni aibu iwapo yeye alimsoma Luther kuliko sisi tunaoitwa kwa jina lake.

Wapo wanaosema masomo haya yataua imani ya vijana. Sisi twaiona hatari katika mimbari inayomhubiri Mungu wa magari na majumba. Huyo kweli ni tamaa zetu zilizovikwa joho, na hapo Feuerbach ametushika.

Hata hivyo hatumwachii neno la mwisho. Mwenye njaa huota chakula, wala ndoto yake haithibitishi kwamba chakula hakipo. Anayo pia sura juu ya Mungu anayeteswa, ambamo anaona moyo wa mwanadamu ukijitukuza wenyewe. Hapa tunampinga waziwazi: Msalaba huuhukumu moyo huo kabla ya kuufariji. Ni tamaa ya nani ingebuni Bwana anayetuita tufe pamoja naye?

Lakini asiyeifikia sura hiyo hawezi kuijibu. Wakufunzi wenzetu, kitabu kifunguliwe darasani.