Ratiba ipime saa za barabarani

Dar es Salaam hadi Mwanza, angani ni kama kilomita 850. Ndege inazimaliza kwa saa moja na nusu hivi. Timu yenye hela ya tiketi inashuka Mwanza, inapanda basi kilomita 160 na jioni ileile inapasha misuli Kambarage, Shinyanga.

Sasa geuza safari. Timu ya Shinyanga isiyo na hela ya ndege inaifuata Dar kwa basi, karibu kilomita 1,000. Kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa, hizo ni saa 16 au 17 za kukaa kwenye kiti. Mji ni uleule, ligi ni ileile, kilichotofautiana ni mfuko.

Mashabiki wa Chama la Wana wanakumbuka msimu wa 2014/15, Stand United na Ndanda zilipopanda Ligi Kuu pamoja. Mtwara hadi Shinyanga kupitia Dar ni zaidi ya kilomita 1,500. Piga hesabu: saa 25 za tairi, bado hujala wala kulala. Halafu beki akiishiwa pumzi dakika ya 70 tunamzomea.

Wapo wanaosema kila timu inasafiri, hivyo ngoma droo. Si kweli. Timu za Dar zikikutana zenyewe kwa zenyewe, hata mgeni analala kwake. Geita Gold haina raha hiyo. Uwanja wa ndege wa mkoa upo Chato, siyo Geita mjini. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa adha ya kusubiri kivuko kwenda Mwanza, lakini halijaisogeza Mtwara wala Mbeya.

Hili siyo suala la pointi tatu tu. Februari 10, 2025 basi la Dodoma Jiji lilipata ajali mkoani Lindi, timu ikitoka Ruangwa kucheza na Namungo. Mechi yao iliyofuata dhidi ya Simba ikaahirishwa. Hatusemi chanzo kilikuwa uchovu. Tunasema kila saa inayoongezwa barabarani ni saa nyingine ya hatari kwa vijana hawa.

Bodi ya Ligi haiwezi kumnunulia kila mtu tiketi, ila kalamu ya ratiba ipo mkononi mwake. Timu ikija Kanda ya Ziwa, imalize mechi zake zote za kanda kwa safari moja. Siku za mapumziko zihesabiwe kuanzia timu inapofika, siyo filimbi ya mwisho ilipopulizwa. Na kwa safari ndefu, basi lisiondoke bila dereva wa pili.

Haya hayahitaji mdhamini mpya. Yanahitaji mpanga ratiba aweke ramani mezani kabla ya kalenda.