Mashine za kutafuta mali ardhini: kesho zitaona nini?

Hadithi ya "mali ya Mjerumani" iliyofukiwa ardhini ni ya zamani nchini, na milima ya Uluguru nayo inatajwa. Sasa simu zimeleta mapya: matangazo ya mashine zinazodaiwa kuona dhahabu iliyo mita nyingi chini, na programu zinazodaiwa kuigeuza simu yako kuwa mashine hiyo. Kabla msikilizaji hujauza mahindi ili ununue, tuangalie lipi linawezekana.

Hadithi yenyewe ina chembe ya ukweli. Mwaka 1916 Wajerumani walitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15, takriban 16,000, zenye picha ya tembo. Lakini zilitengenezwa Tabora. Morogoro ilitekwa Agosti mwaka huohuo, na majeshi ya Kijerumani yakarudi nyuma kuelekea Kisaki, yakiuzunguka mlima. Vita vya namna hiyo huacha zaidi risasi, maganda yake na vyuma chakavu.

Inafanyaje kazi?

Mashine ya kutafuta metali ina waya uliozungushwa kama duara. Umeme unaopita humo hutuma nguvu ya sumaku ardhini. Ikikuta metali, metali hiyo inarudisha ishara, na mashine inalia. Tatizo ni umbali. Kitu kidogo kikiwa mbali mara mbili, ishara inayorudi hupungua takriban mara 64. Ndiyo maana sarafu moja kwa kawaida huonekana ikiwa sentimita 20 hadi 30 tu chini.

Simu je? Ndani yake kuna kifaa cha dira kinachohisi sumaku. Kitahisi jembe la chuma, lakini dhahabu haivutwi na sumaku. Programu ya bure au ya kulipia, simu ni ileile.

Kesho italeta nini?

Mashine mpya zinatuma mawimbi ya aina nyingi kwa pamoja, kisha kompyuta ndogo iliyomo inakisia kama kilichopo ni msumari au ni metali nyingine. Huko ndiko maendeleo yanakoelekea: kutofautisha vitu, zaidi ya kuona mbali. Ipo pia rada ya ardhini, lakini nayo huonyesha tu kwamba chini kuna kitu tofauti, haisemi ni dhahabu. Tena udongo wa mfinyanzi wenye maji hudhoofisha mawimbi yake.

Umuhimu wa kutofautisha unaonekana hapahapa Morogoro. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa baruti ya mabomu yaliyotegwa ardhini. Panya hajali msumari wala kopo. Humaliza eneo kama uwanja wa tenisi kwa dakika 30, wakati mtu mwenye mashine anaweza kuchukua hadi siku nne, kwa sababu kila chuma kinamsimamisha.

Jihadhari

Mwaka 2013 Mwingereza James McCormick alifungwa miaka 10 kwa kuuza vifaa bandia vya kugundua mabomu, hasa Iraq. Kilikuwa kishikio chenye antena, bila chochote cha kufanya kazi ndani. Serikali zilinunua, mkulima naye anaweza kudanganywa.

Kwa hiyo mpe muuzaji mtihani. Fukia pete ya dhahabu sehemu asiyoiona, kisha chimba na kufukia mashimo mengine tisa matupu. Akikataa, au akipatia mara moja na kukosa mara nyingi, baki na fedha yako.

Na hata mashine ikiwa nzuri, sheria ipo. Kutafuta madini kunahitaji leseni, na kuchimba mambo ya kale kunahitaji kibali chini ya sheria ya mwaka 1964. Ukikuta kitu kinachofanana na bomu, usikiguse. Toa taarifa polisi.

Kumbuka pia kwamba shughuli za kuharibu ardhi ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji zimekatazwa. Maji ya Uluguru yanateremka kwenye Mto Ruvu, ambao unategemewa hadi Dar es Salaam. Mali hiyo haihitaji mashine kuiona.