Duka Mfukoni, Daftari la Wawili

Leo nazungumza na ninyi wawili wa Singida mjini, asubuhi mko ofisini, jioni mnauza mafuta ya alizeti na kuku wa kienyeji kwa wateja wa Dodoma na Dar. Oda zote ziko kwenye simu ya mmoja, sivyo? Akisafiri, biashara inalala. Akipigiwa usiku, ugomvi: mteja gani huyo?

Dawa ipo. Kuna programu za wavuti ambazo wataalamu huziita PWA tangu 2015. Mteja haendi Play Store. Unamtumia linki kwa WhatsApp, anaifungua, anaiweka kwenye skrini ya simu yake. Haijazi simu, na ikitengenezwa vizuri hufunguka hata mtandao ukisumbua. Jumia, waliofunga duka Tanzania mwaka 2019, waliitumia Afrika kwa sababu hiyo hiyo: bando dogo na simu za kawaida.

Na si lazima uwe fundi wa kompyuta. Huduma kama Glide hugeuza jedwali la Google Sheets kuwa programu ya aina hiyo. Bei ya alizeti ikipanda, unabadilisha namba moja tu, na wateja wote wanaiona. Oda nazo mnaziona wote wawili.

Ila jamani, huduma nyingi hutoza kila mwezi, pigeni hesabu kwanza. Na akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ambayo nywila yake mnaijua wote. Tukutane mwezi ujao!