Seli shina na mipaka ya sharia

Mzazi mmoja wa Dunda ametuuliza iwapo bintiye, asomaye shahada ya uzamili, aruhusiwe kutafiti seli shina za viinitete.

Tunasema: Suratul Muuminuun imetaja tone, pande la damu, kisha pande la nyama. Kuzichunguza hatua hizo ni kutafakari uwezo wa Muumba.

Lakini ipo mipaka. Mwaka 2003 Baraza la Fiq-hi la Makka liliruhusu seli za watu wazima, za kondo la nyuma na za viinitete vilivyobaki katika matibabu ya wanandoa, kwa ridhaa yao. Likaharamisha za mimba iliyotolewa kwa makusudi bila udhuru.

Nayo Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imewapandikizia uloto watoto wenye selimundu. Uloto huo una seli shina.

Basi binti asome, na mipaka aichunge. Wallahu aalam.