JASHO LA KLABU NDOGO

Alimaye shamba hana budi kupata sehemu ya mavuno. Katika mpira wa miguu haki hii husahauliwa mara nyingi. Klabu ndogo humpata kijana mtaani, ikamfundisha, ikampa viatu na nauli. Akishaiva, klabu tajiri huja ikamchukua.

Mbwana Samatta alichipukia African Lyon ya Dar es Salaam kabla ya kwenda Simba. Mwaka 2011 alivuka mpaka kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi, na baadaye akacheza Genk ya Ubelgiji na Aston Villa ya Uingereza. Hatumlaumu kijana atafutaye riziki bora. Kumfunga asiondoke nako ni dhuluma. Tunalodai ni haki ya mlezi.

Kanuni ya FIFA yaagiza kwamba mchezaji auzwapo nchi nyingine kabla ya mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Ada ikiwa shilingi milioni 100, fungu hilo ni milioni 5. Lakini klabu isiyomwandikisha kijana wake itadai kwa ushahidi gani?

Basi viongozi wa klabu ndogo waandikishe vijana mapema na kutunza kumbukumbu zao. Nao wakuu wa mpira wahakikishe kuwa mlezi hapunjwi hata katika uhamisho wa humu nchini. Huo ni ujira wa kazi iliyokwisha fanyika. Mkulima akikosa ujira, shamba litalala, na klabu kubwa nazo zitakosa cha kuvuna.