Breki Kwanza, Hema Baadaye

Kuna picha ambayo wengi wetu tuliipenda kabla ya kulipenda gari lenyewe. Land Rover kuukuu, iliyowahi kuwa ya jeshi, imesimama jioni mahali pasipo na nyumba. Juu ya keria hema limefunguliwa, ngazi imeteremshwa, na mtu ameshika kikombe cha kahawa akitazama mbali. Mimi pia ninayo picha yangu ya namna hiyo. Niliipiga Karatu, Jumamosi moja ya mwezi wa saba. Kisichoonekana kwenye picha ni silinda ya breki ya gurudumu la nyuma. Ilikuwa inavuja wiki ya tatu sasa, nami nilijua.

Naandika haya kuwapinga watu kama mimi. Tumekuwa wengi: vijana wenye ajira na mkopo wa benki, tunaonunua magari yaliyotoka jeshini, ama mnadani ama kwa mtu aliyeyanunua mnadani, tukisema tunayafufua. Hatuyafufui. Tunayavisha. Tunaanza na kile kinachoonekana na kuahirisha kile kinachosimamisha gari, kisha tunapakia ndugu na marafiki tunawapeleka porini.

Gari langu ni 109 ya Series III, aina iliyotengenezwa Uingereza kati ya 1971 na 1985. Namba hiyo ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Babu yake ni ile Land Rover ya kwanza iliyoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, wakati chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, ndiyo maana bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini. Watu husikia habari hiyo wakadhani gari halili kutu. Bodi haili kutu, lakini chasisi ni chuma, na pale alumini inapogusana na chuma penye unyevu, alumini huliwa polepole na kuacha unga mweupe. Matope yanayoingia ndani ya chasisi yanakaa humo miaka. Unaweza kupaka rangi mpya juu ya gari ambalo uti wake wa mgongo umeoza, na kwenye picha likapendeza sana.

Fundi wangu ana gereji ndogo Arusha, chini ya mti, na mikono yake imezijua Land Rover kabla sijazaliwa. Siku ya kwanza nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Alikuwa ameshalala chini ya gari akigonga chasisi kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Alipotoka alinitajia mambo manne kwa mpangilio: breki, chasisi upande wa nyuma, usukani, umeme.

"Na hema, mzee?" nikamuuliza.

"Hema la nini, mwanangu? Unahama nyumbani?"

Nilicheka. Mwezi ule ule nikanunua hema la juu ya gari, nikalipa bei iliyotajwa dukani bila kuomba kupunguziwa hata shilingi. Silinda za breki nikamwambia mzee tutazishughulikia mwisho wa mwezi ujao. Hesabu hiyo ndiyo aibu yangu. Fedha ya hema ingetosha kubadilisha mfumo mzima wa breki na kumlipa fundi vizuri, na chenji ingebaki.

Kosa la pili lilikuwa la umeme. Magari ya jeshi yaliyoandaliwa kubeba redio za mawasiliano yana umeme wa volti 24, kutoka betri mbili zilizoungwa kwa mfuatano. Friji yangu ya safari ilikuwa ya volti 12. Nikaiunga kwenye betri moja kati ya zile mbili, kama nilivyoona mtu akifanya kwenye video. Mzee alisema, "Utaziua zote." Ndivyo ilivyokuwa. Ile inayolisha friji ilikuwa haijai kamwe, na mwenzake ilichajiwa kupita kiasi mpaka ikachemka. Jambo la kuchekesha ni kwamba malori yetu mengi hutumia volti 24, kwa hiyo balbu na vifaa vya umeme huo vipo kila mji wenye kituo cha malori. Jeshi liliniachia mfumo unaohudumiwa hata njiani, nami nikauharibu kwa ajili ya soda baridi.

Sasa turudi Karatu. Jumapili asubuhi tulianza kurudi, mimi na mdogo wangu wa kike. Barabara ya lami inayoteremka kwenda Mto wa Mbu inapita kwenye ukuta wa Bonde la Ufa, na Ziwa Manyara linaonekana chini. Juu ya keria kulikuwa na hema la kilo 60, madumu manne ya maji ya lita 20, gurudumu la pili la akiba, na keria yenyewe ya chuma. Piga hesabu mwenyewe: zaidi ya kilo 200 juu ya kichwa cha gari lenye springi za vyuma bapa. Waliolibuni gari la jeshi waliweka matangi mawili ya mafuta chini ya viti vya mbele, uzito ukae karibu na ardhi. Mimi niliupandisha darini.

Kwenye kona ya pili nilikanyaga breki, pedali ikazama. Nikapampu, ikashika kidogo, ikazama tena. Breki za ngoma zikipata moto hupoteza nguvu, na katika gari langu mafuta ya breki yalikuwa na njia moja tu: likivuja gurudumu moja, yote manne yanakosa msaada. Mbele yetu kulikuwa na lori. Mdogo wangu hakupiga kelele. Alishika dashibodi kwa mikono miwili, kwa sababu mkanda wa kiti haukuwepo. Nao ulikuwa kwenye orodha ya mwezi ujao.

Kilichotuokoa ni sentensi moja ya mzee, aliyoisema huku akila mahindi: hendibreki ya gari hili haishiki magurudumu, inashika shafti inayotoka kwenye gia kwenda nyuma, basi usiivute kwa hasira. Nikarudisha gia mpaka ya pili, injini ikalia, nikavuta hendibreki kidogo kidogo, nikalielekeza gari kwenye udongo upande wa mlima. Likasimama limeinama, madumu yakigongana juu. Nyani wawili waliokuwa pembeni mwa barabara walitutazama, wakaendelea na shughuli zao. Mdogo wangu alishuka, akakaa kwenye jiwe, na hakusema neno mpaka Arusha. Tulifika kwa basi.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: fedha yangu, gari langu, starehe yangu. Sawa, lakini mteremko si wako. Lori lile lilikuwa na dereva, na chini ya mlima kuna mji wenye soko na watoto wa shule. La pili linatoka kwa wale wanaotaka kila kitu kibaki kama kilivyotoka kiwandani: usibadilishe chochote, utaua historia. Hao nao nawapinga. Jeshi lenyewe lilibadilisha magari haya kadiri ya kazi. Weka mikanda. Weka breki za diski mbele ukiweza. Weka kigeuzi cha kushusha volti 24 kuwa 12 badala ya kuiba kutoka betri moja. Ugomvi wangu ni wa mpangilio: kinacholinda uhai kitangulie kinacholeta sifa.

Na kuna sifa moja inayonikera kuliko zote, ile ya kucheza askari. Wapo wanaobakiza rangi ya jeshi kwa makusudi, wakaongeza namba za kubuni mlangoni na mabaka ubavuni. Nchi hii inamkataza raia kuvaa sare za jeshi. Mtu mwenye akili angeelewa kwamba kulivisha gari sare ni kutafuta maswali kwenye kila kizuizi cha barabarani. Lakini hata sheria kando: kwa wazee waliopitia vita ya Kagera, 1978 hadi 1979, rangi ile si mapambo ya mwisho wa wiki. Langu sasa ni la rangi ya maziwa. Mzee alisema linafanana na gari la zahanati. Nilifurahi.

Yeye ndiye sababu kubwa ya makala hii. Tunatumia mamilioni kwa vifaa vyenye nembo, kisha tunafika kwenye gereji na kubishana juu ya ujira wa siku wa mtu anayeijua kutu kwa sauti ya nyundo. Hema tunalipia bei ya dukani. Maarifa tunataka kwa bei ya undugu. Vijana wanaomsaidia mzee wanaona hayo, na mmoja ameshaacha kazi akaendesha bodaboda. Mafundi hawa wakiisha, magari haya yatabaki mapambo ya hoteli, maana hakuna video itakayolala chini ya chasisi kwa niaba yako.

Kwa hiyo, ukinunua gari la jeshi, fanya hivi. Mwaka wa kwanza usinunue kitu chochote cha kambi. Mlipe fundi kwanza, bila kumlilia. Kaa naye, shika tochi, uliza kila kifundo cha gia ni cha kazi gani. Lala kwenye hema la kawaida, chini, ambako wenye nchi hii wamelala siku zote bila ngazi. Juu ya keria weka vyepesi tu.

Hema langu la juu nimeliuza kwa hasara. Breki ni mpya zote, mikanda ipo minne, chasisi ya nyuma imechomelewa upya. Mwezi uliopita nilimwomba mdogo wangu twende Natron. Alifikiri siku mbili, kisha akasema atapanda kwa sharti moja: amsikie mzee mwenyewe akisema gari liko sawa. Nimempeleka gerejini. Mzee amesema bado usukani, wiki mbili. Tunasubiri.